Pindo la Vidole Vinne

Ninyi vijana mnaokaa hapa barazani na cherehani zenu za umeme, leteni masikio kabla hamjaleta sifa. Nimewaona mnavyokata. Mnakata kama watu wanaofukuzwa. Mteja akija na mtoto wa shule mnampima, mnakata pale pale alipofikia, mnapinda kijipindo chembamba kama kamba ya kiatu, mnapiga pasi, mnapiga picha, picha inaruka kwenye simu. Kitambaa kilichobaki mnakifagia. Mimi nikiona kinafagiwa moyo unaniuma, na nikisema, mnanong'onezana kwamba Bi Mwanaidi amezeeka. Ndiyo, nimezeeka. Macho hayalioni tena tundu la sindano. Lakini nipeni nguo yoyote nishike pindo lake, nitawaambia kama aliyelipiga ana akili au ana haraka.

Aliyenifundisha ni Mzee Shabani. Alikuja Karagwe kutoka Pangani pamoja na marehemu baba yangu. Baba akafungua duka la vitambaa hapa Kayanga, Mzee Shabani akaweka cherehani ya miguu kwenye baraza ya duka, na mimi nikazaliwa katikati ya majora. Kwa hiyo msiniulize nilianza kazi lini. Mpaka leo Wanyambo, wenyeji wa hapa, wananiita Mswahili, na jamaa zangu wa Pangani wananiita Mnyambo, nami naitika kote kote ilimradi mtu amekuja na kitambaa.

Mzee Shabani alikuwa na neno moja kuhusu sare: mtoto wa shule hapimwi alivyo, hupimwa atakavyokuwa. Chini ya sketi au kaptula unaacha vidole vinne vya kitambaa, unavikunja ndani, unapiga mshono mwepesi unaofumuka bila kulia. Mtoto akirefuka, unafumua unashusha kidole kimoja. Mwaka unaofuata, kingine. Mzazi hajanunua sare mpya, na mtoto hajatembea magoti nje. Siku niliyokata sketi ya mwanafunzi bila kuacha akiba, mzee hakunipiga wala hakunifokea. Aliichukua ile sketi akaivaa kichwani kama kofia, akashinda nayo mchana kutwa anashona. Kila mteja aliyeuliza, "Mzee, vipi leo?" alijibiwa, "Mwanaidi kanishonea." Tangu siku hiyo sijakata sketi fupi, na hata nikisikia neno kofia bado naona haya.

Na kupima, je? Nimewaona mnamwambia mtoto, "Simama wima." Mtoto ukimwambia hivyo anasimama kwa vidole vya miguu, maana kila mtoto anataka kuwa mrefu. Ukimzungushia futi kiunoni anavuta tumbo ndani mpaka macho yanamtoka. Mwacheni. Muulizeni mbuzi wao anaitwa nani na ana tabia gani. Akishaanza kueleza ubaya wa yule mbuzi, miguu inakaa chini, tumbo linarudi mahali pake, hapo mpimeni.

Sasa nisikilizeni, maana aisifuye mvua imemnyea. Nitawaambia jinsi pindo lilivyotuokoa.

Ilikuwa baada ya ada kufutwa katika shule za msingi. Watu wa mbali walidhani ada ikiondoka basi kila mtoto yumo darasani. Sisi mafundi tulijua ilivyo. Ada haina rangi, hakuna anayeiona kwa mwenzake. Sare inaonekana tangu njiani. Mtoto asiye nayo hukaa nyumbani akasema anaumwa tumbo, na bibi yake anayejua kwamba haumwi tumbo humpikia uji wa dawa, wakadanganyana hivyo hivyo kwa upendo.

Shule moja upande wa Kituntu, jina lake tuliache, ikapata fedha za nyongeza kwa ajili ya watoto wanaoishi katika mazingira magumu. Hazikuwa za majengo wala za chaki. Zilikuwa za kuwasaidia watoto wenyewe: madawati ya kukalia, madaftari, uji wa saa nne, na sare. Mwalimu mkuu wa shule hiyo, Mwalimu Pelagia, mwanamke mpole anayecheka kwa mabega bila sauti, alikuja mwenyewe kwa bodaboda akanikabidhi kazi ya sare. Nilifurahi mpaka nikamnunulia soda.

Kamati ya shule ilikuwa na mwenyekiti, Mzee Novati. Mfupi, mkulima mzuri wa kahawa, mtu wa mpangilio kupita kiasi. Kwake hata majembe yana majina. Aliogopa jambo moja tu duniani, nalo ni mali ya shule kutembea. Na hakuwa na kosa, kwa sababu zamani dawati la shule lilionekana kwenye kilabu cha rubisi, pombe ya ndizi, limekaliwa na watu wazima wenye mvi. Ndiyo maana madawati ya fedha hizo za nyongeza yalipofika, alinunua rangi ya njano akaandika kila moja kwa mkono wake, herufi kubwa: M.N., yaani Mfuko wa Nyongeza.

Basi akaja kwangu na kibiringo cha uzi wa njano. Alikuwa ameuchagua ufanane na rangi ile.

"Fundi, sare nazo ni mali ya mfuko," akasema. "Zisije zikauzwa gulioni. Shati lina nembo ya shule tayari, kwa hiyo alama iweke kwenye sketi na kaptula. Mbele, juu ya goti. Mkaguzi akija aone bila kuuliza."

Nikadarizi. M.N., M.N., njano juu ya bluu, sketi baada ya sketi, herufi zimenyooka kama mistari ya daftari. Mwalimu Pelagia alipoziona alipiga makofi. Mzee Novati alizipapasa akasema hajawahi kuona kazi safi namna hiyo. Sote watatu tulikuwa watu wazima wenye akili zetu, na hakuna hata mmoja aliyefikiri.

Watoto walifikiri kabla ya saa ya uji. Mtu wa darasa la tano alitazama sketi ya mwenzake, akatazama dawati alilokalia, akatazama sketi tena. Herufi zile zile, rangi ile ile. Uji ulipokwisha kunywewa, watoto wa mfuko walikuwa wameshapata jina: madawati. "Dawati, sogea." "Mbona dawati limesimama?" "Mwalimu, dawati linaomba ruhusa kwenda chooni!" Watoto ni watamu, lakini mdomo wao hauna pindo.

Miongoni mwa hao madawati alikuwamo Kokushubira, wengi tulimwita Koku. Darasa la tano, mwembamba, mwenye maswali. Wazazi wake walishatangulia mbele za haki, akawa analelewa na bibi yake, Bibi Leokadia. Siku niliyokwenda shuleni kuwapima, Koku hakutaka habari za mbuzi. Aliniuliza kitambaa kinachozidi kinakwenda wapi. Nikamweleza habari za vidole vinne. Akafikiri, akasema, "Kwa hiyo nitakuwa natembea na sketi nyingine humo ndani?" Nikacheka. Nikamwambia ndiyo, sketi yako ya mwaka kesho.

Siku chache baada ya kugawa sare, pikipiki ilisimama mbele ya baraza yangu, akashuka Bibi Leokadia. Alikuwa na furushi ndani ya kanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, waitu," akasema kwa lafudhi yake ya Kinyambo, yaani mwenzetu. "Nimekuretea nguo yako."

"Imepasuka?"

"Haijapasuka. Ina maandishi." Akaifungua kanga. Sketi ilikuwa imefuliwa na kukunjwa vizuri kuliko nilivyoikunja mimi. "Mimi sikusoma. Mtoto ndiye amenisomea hiyo arama. Anasema ameandikwa kama dawati. Mjukuu wangu si dawati, waitu. Hana miguu ya mti."

Niliipokea ile sketi nikaiweka mapajani.

"Koku yuko shule leo?"

"Yuko nyumbani. Amesema haendi tena. Shangazi yake wa Kyerwa amejifungua, anatafuta mtu wa kumbeba mtoto. Siku ya gulio atakuja kumchukua."

"Na atamrudisha lini, bibi?"

Akatazama barabarani. "Mtoto wa kubeba mtoto harudi mpaka yule wa mgongoni atembee. Akitembea, mwingine amezaliwa."

Kyerwa nako kuna shule, msinielewe vibaya. Lakini mnajua, nami najua, msichana akipelekwa kulea mtoto wa mtu, ni wachache wanaoona tena daftari. Nilimwomba Bibi Leokadia aniachie ile sketi mpaka kabla ya gulio. Akasema, "Kaa nayo. Ni yako." Akapanda pikipiki bila kugeuka.

Nilichukua wembe hapo hapo. Kisha nikaona nimpigie kwanza Mwalimu Pelagia, na bahati nzuri nilimpigia.

"Bi Mwanaidi, nakuomba usikate uzi hata mmoja," akasema. "Mimi hilo jina nimelisikia jana, sikulala. Lakini mkaguzi anakuja mwezi huu huu, na mwenyekiti amekwisha kupeleka taarifa kwamba kila kitu cha mfuko kina alama. Tukitoa bila yeye, kesho itasemwa sare zimeuzwa, na hizo fedha hazirudi tena. Watakosa wote."

Hapo ndipo tulipokuwa. Tukiacha alama, Koku anakwenda Kyerwa. Tukiitoa, huenda watoto wote wakakosa uji na sare. Na gulio lilikuwa linakaribia.

Mzee Novati alikuja kesho yake, si kwa ajili ya Koku, bali kwa ajili ya suruali. Hili lazima niwaeleze. Mzee Novati ni mfupi na anapenda suruali za mtumba za kitambaa kizito, na suruali hizo huja zimeshonewa watu warefu ajabu. Lakini hataki zikatwe. "Kitambaa ni kitambaa, fundi, kunja ndani." Kwa hiyo kila suruali yake ina pindo nene kama mto wa mtoto, na akitembea kwa haraka miguu inasikika. Nilikuwa namshonea hivyo miaka yote, na hakuna mtu mwingine Karagwe nzima aliyekuwa anajua.

Mwalimu Pelagia alikuwa amekaa pale kwenye benchi, amekuja kunisaidia kumwomba. Alijaribu kwa adabu. Mwenyekiti akatikisa kichwa.

"Mwalimu, nakuelewa. Lakini mali ya umma haifichwi. Wahenga walisema mficha uchi hazai."

Nikamwangalia. Suruali yake ilikuwa mapajani mwangu, nilikuwa namalizia mguu wa pili.

"Mwenyekiti," nikasema, "pindo la suruali hii lina nini ndani?"

"Kitambaa."

"Kiasi gani?"

"Fundi, wewe unajua."

"Mimi najua. Nataka Mwalimu Pelagia naye ajue." Nikashika mkasi kana kwamba nataka kulifumua.

Akaruka kwenye kiti. "Bi Mwanaidi! Mambo ya pindo ni siri ya mtu na fundi wake!"

Mabega ya Mwalimu Pelagia yakaanza kutikisika. Mimi sikucheka. Niliweka suruali kando nikachukua sketi ya Koku, nikamtandazia magotini, zile herufi za njano zikiwa juu. Mzee Novati akainama akazitazama kwa muda mrefu. Alipozungumza, haikuwa sauti ya mwenyekiti.

"Wanamwita dawati?"

"Wanaitwa wote," akasema Mwalimu Pelagia.

"Hakuna aliyeniambia."

Akawa anapitisha kidole juu ya M, juu ya N. Nilimwonea huruma. Yule mzee aliwapenda wale watoto kwa namna aliyoijua, na namna aliyoijua ilikuwa ni kuandika jina juu ya kitu kisipotee.

"Lakini mkaguzi," akasema polepole.

"Mwongozo wa mfuko nimeusoma tena asubuhi," akasema Mwalimu Pelagia. "Unasema kitu kiwe na alama. Hausemi iwe usoni."

Mzee Novati akatazama sketi, akatazama suruali yake, akanitazama mimi. Kisha akaigeuza sketi chini juu akashika lile pindo la vidole vinne, akalipima unene kama mtu anayejua mapindo.

"Humu itaingia?"

"Itaingia na nafasi itabaki."

"Basi mradi ipo," akasema. Akatoa miwani mfukoni. "Nipe wembe na mimi."

Sasa mafundi, sikilizeni hapa, hili ni la kazi. Darizi haifumuliwi kwa mbele. Geuza nguo, kata nyuzi za nyuma kwa ncha ya wembe mpya, kidogo kidogo, halafu vuta za mbele kwa kucha. Ukivuta kwa nguvu kitambaa kinanyong'onyea na hakisamehe. Uzi ukishatoka, matundu yanabaki kama ndui. Lowanisha mahali pale, sugua kwa ukucha wa dole gumba kwa mapana, kisha kwa marefu, nyuzi za kitambaa zinarudi nyumbani zenyewe. Weka kitambaa chenye unyevu juu yake ndipo upige pasi. Baada ya hapo fua, anika, fua tena. Msisahau hilo la kufua. Sare mpya inayong'aa katikati ya sare zilizochakaa nayo ni alama, hata kama haijaandikwa kitu.

Tulianza na ya Koku. Mwalimu Pelagia alikusanya zingine shuleni akisema zinarudi kupunguzwa viuno. Mzee Novati alishinda barazani kwangu anafumua, miwani puani, na alijikata dole gumba akakataa kufungwa kitambaa kwa sababu kitambaa kile kilikuwa cha mfuko. Mimi nikafungua mapindo, nikadarizi M.N. ndogo upande wa ndani, nikakunja, nikapiga mshono juu yake. Baadaye, bila kuambiwa na mtu, Mzee Novati alikwenda shuleni na msasa, akafuta herufi kwenye madawati yote na kuziandika upya chini ya ubao wa kukalia. Utani ukakosa mahali pa kusimama. Watoto walijaribu siku mbili tatu, kisha wakamgeukia mwalimu mgeni mwenye masikio makubwa.

Lakini jina huenda haraka kuliko nguo, na gulio halikutusubiri. Siku moja kabla yake, mimi na Mwalimu Pelagia tulipanda bodaboda mbili mpaka Kituntu, tukashuka kwenye kinjia kinachopita kati ya migomba hadi kwa Bibi Leokadia. Tulichelewa. Shangazi wa Kyerwa alikuwa amewahi siku moja, amekwisha kufika. Alikuwa amekaa mkekani, mwanamke kijana mwenye uso uliochoka, miguu imevimba. Mtoto wake hakuwa naye. Alikuwa mgongoni kwa Koku, amefungwa kwa kanga, amelala. Kando ya mlango kulikuwa na kikapu kimefungwa tayari.

Tukaamkia, tukakaribishwa, tukakaa. Nyinyi wa mjini huenda hamjui: katika nyumba za huku mgeni akikaa, huletewa kahawa ya kutafuna kwenye kijikapu kidogo, punje zilizochemshwa na majani na kukaushwa. Mnatafuna, ndipo mnazungumza. Kahawa isipoletwa, ujue ulichokuja nacho hakijakaribishwa. Tulikaa. Kahawa haikuja.

Nikatoa sketi mkobani nikampa Bibi Leokadia kwa mikono miwili.

Hakuitazama kwa macho. Aliipapasa. Alianza mbele, juu ya goti, pale pale zilipokuwa herufi, akapitisha vidole mara nyingi. Hakukuta kitu. Akashuka mpaka chini, akalishika pindo akalisokota polepole kati ya dole gumba na kidole cha shahada, akizunguka nalo. Vidole vikasimama mahali pamoja.

"Iko huku."

"Iko huko, bibi," nikasema. Sikutaka kumdanganya. "Lazima iwepo mahali. Ila hakuna anayeiona."

"Akirefuka, utashusha. Itatokea."

"Akirefuka mpaka ikatokea, bibi, atakuwa ameshamaliza shule ile. Hakutakuwa na wa kumcheka."

Kuku alipita mlangoni. Mwalimu Pelagia alifungua mdomo kusema jambo la elimu, nikamkanyaga mguu. Bibi Leokadia aliendelea kulisokota lile pindo, na niliona midomo yake inahesabu kitu, sijui miaka, sijui vidole. Kisha akasema bila kupandisha sauti:

"Koku. Mpe shangazi yako mtoto wake."

Koku alifungua kanga. Yule mtoto alilia kidogo, shangazi akampokea akamweka kifuani, na bibi akamkabidhi Koku sketi. Nilidhani atakasirika. Alimtazama Koku aliyekwisha kuikumbatia ile sketi, akapumua kwa nguvu, akasema, "Mimi niliacha darasa la sita. Nenda tu. Mama mkwe atabeba, mgongo anao." Bibi Leokadia akaingia ndani. Aliporudi, alikuwa na kijikapu cha kahawa. Niliitafuna ile kahawa huku machozi yananitoka, nikasingizia ukali wake. Nampenda yule bibi mpaka leo, na alishawahi kuniambia kwamba kwa Mswahili, mimi si mtu mbaya.

Mkaguzi alikuja. Akauliza alama za sare ziko wapi. Mzee Novati, kifua mbele, akamwambia ziko mahali pa heshima, akamletea sketi moja ya akiba ambayo haijagawiwa, akaigeuza pindo, akamwonyesha. Mkaguzi akaangalia, akauliza nani aliyebuni. Mwenyekiti akasema, "Kamati." Akaondoka zake kwa haraka, na mimi niliyekuwapo niliisikia ile miguu ya suruali yake ikilia.

Koku alirudi darasani na maswali yake. Na akarefuka! Watoto wengine hurefuka, yule alichipua. Mwaka wa kwanza bibi yake aliniletea sketi pamoja na mkungu wa ndizi, akasema ndizi hizo si malipo, zimekuja tu kutembea. Nikashusha kidole kimoja. Darasa la saba nikashusha tena, na nilipokunja kilichobaki niliona ile M imekaa ukingoni kabisa, bado mshono mmoja tu itoke. Nilimwambia Bibi Leokadia, Koku akiwa kando yake. Akajibu, "Mwambie asirefuke mpaka mtihani upite." Sote watatu tukacheka, lakini nakuapieni, nilimwomba Mungu hilo hilo kwa dhati.

Matokeo yalipotoka, Koku alikuwa amechaguliwa kwenda kidato cha kwanza. Mwalimu Pelagia alinipigia simu akawa hasemi, nikajua anacheka au analia, kwake ni mabega hayo hayo.

Wiki ile, siku ya gulio, watu wamejaa, nilikuwa hapa hapa barazani. Macho yalikuwa yameshaanza kunisaliti. Nikaona msichana mrefu anakuja kutoka stendi, anapita mbele ya maduka yote, taratibu, haoni haya. Alipofika karibu ndipo nikaona sketi. Pindo lote lilikuwa limefumuliwa, na vibaya, kama mnavyofumua ninyi, nyuzi zinaning'inia. Na chini, karibu na ukingo, nje kabisa, penye jua, herufi za njano.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba. Koku, alama iko nje."

"Naiona."

"Umepita nayo gulio zima?"

"Bibi amesema nimerefuka," akasema.

Aliingia nyuma ya pazia akavaa kitenge alichokuja nacho, akatoka akaniwekea ile sketi mapajani. Akaniambia kuna mtoto wa jirani yao, Asimwe, anaingia darasa la tano, hana sare, mfupi sana. Nilishika ule ukingo nikatafuta sindano. Nikajaribu kutunga uzi, nikajaribu tena, tundu silioni, na safari hii haikuwa uzee.

"Irudi ndani?" nikamuuliza.

"Irudi ndani. Vidole vinne."

Kisha akachukua sindano mkononi mwangu, akanitungia uzi. Wa bluu.